Saa ya Nne ya Damu

Kabla ya kuingia chumba cha sumaku
Jytte huvua kila kilicho chuma:
saa, kibanio cha nywele, funguo za baiskeli,
na pete, isiyotoka bila sabuni.
Kidole kinabaki na mstari mweupe.
Sumaku haina simile. Mwaka juzi ilinyakua mkasi,
tukahangaika nao wawili mpaka alfajiri.

Nje, Jutland yote ni theluji na matope.
Gari la Aksel Thorup limeshaondoka.
Amemshusha nguruwe jike wa kilo arobaini,
ametia saini, amepiga chafya,
ameuliza kama leo tena tunafanya kazi usiku.
Usiku, ndiyo. Mchana mashine ni ya watu.

Sikioni ana kipande cha plastiki: sabini na tatu.
Kanuni inasema namba, si jina.
Jytte anamwita Fru Holm, kwa sauti ya chini,
kwa ajili ya kope zake, anasema,
kama za mwalimu wake wa hesabu.

Ganzi imekwisha kumchukua.
Daktari Mogens anavuta damu mguuni, mililita chache,
ya moto bado, nyekundu kama ya yeyote,
kisha kwa sindano nyembamba,
kupitia tundu alilotoboa fuvuni,
anamrudishia mwenyewe,
ila mahali pasipo pake.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Hawakusema chaweza kuwa kile kile
kilichokulisha dakika moja iliyopita.

Kwa nini si panya? aliniuliza binti yangu Sidsel.
Nikamenya yai la kuchemsha: ubongo wa panya huu, laini, hauna kunjo.
Nikapasua kabichi: huu wa nguruwe. Na wako.
Yai alikula.
Kabichi aliisukuma kando.

Saa ya kwanza.
Mashine inagonga kama fundi bati aliyedhulumiwa ujira.
Damu mpya haionekani kirahisi kwenye picha hii,
kijivu juu ya kijivu,
jicho lenye haraka litaipita.

Saa ya pili, ukingoni, giza jembamba kama wanja.
Chuma kilichokuwa kikibeba pumzi
kimeanza kujibu sumaku.
Ninapima. Ninaandika milimita.

Saa ya tatu maji yanajaa kandokando,
majirani wa doa wanavimba,
ukuta wa kati unasogezwa kidogo,
kidogo tu,
kama mtu anayesukumwa kwenye benchi akaona haya kulalamika.

Saa ya nne Jytte hatazami kioo.
Anahesabu matone ya dripu.

Preben alianguka akikwangua barafu kwenye kioo cha gari,
injini ikinguruma, redio ikitangaza bei ya ngano.
Jirani alidhani ameinama kutafuta kitu.
Picha yake ilipigwa saa ya nne.
Jytte aliisoma mwenyewe, nyuma ya bega la daktari kijana
aliyekuwa bado anatafuta maneno.
Kwangu alilitaja mara moja tu, akimenya chungwa:
"Laiti mtu angejua saa ya pili inafananaje."
Akanipa nusu ya chungwa.

Fru Holm hataamka. Iliandikwa kwenye kibali tangu mwanzo,
ukurasa wa sita, na sote tulisaini.
Mogens anasukuma bomba la mwisho.
Jytte ameshika sikio, lile lisilo na namba,
analikunja, analikunjua,
hata baada ya mstari kwenye skrini kunyooka.
Ninaandika: sabini na tatu, saa kumi na moja na dakika nane.
Sijui niandike nini kingine. Safu imeisha.

Tunapangusa meza mara tatu. Tunafungua madirisha.
Pete inarudi kidoleni bila sabuni.

Kwenye korido mzee wa kwanza amekwisha kufika,
amevua mkanda kama alivyoelekezwa,
ameshikilia suruali kwa mkono.
Anauliza kama itauma.
Hapana, namwambia.
Ina kelele tu.